Jina Mwenza na Kielekezi: Tusikiite Kila Kitu "Kiungo"

Kuna maneno ambayo lugha huyatwika mizigo hadi migongo yake ikapinda. Neno "kiungo" ni mojawapo. Kiungo ni mkono, mguu au kidole. Kiungo ni bizari, iliki na mdalasini vya jikoni. Kiungo ni mchezaji wa kati anayegawa mpira uwanjani. Na tangu intaneti iingie majumbani mwetu, kiungo ni yale maandishi ya buluu ambayo ukiyabonyeza hukupeleka kwenye ukurasa mwingine. Mpaka hapo sina ugomvi na neno hili. Muktadha ni hakimu mzuri, na hakuna Mswahili atakayemtia mchezaji wa mpira katika pilau.

Ugomvi wangu unaanza pale neno hilihili linapotwikwa mizigo miwili mingine kwa mpigo mmoja. Katika maelezo ya Kiswahili kuhusu namna kompyuta inavyohifadhi faili, nimekutana mara kwa mara na istilahi mbili: "kiungo kigumu" na "kiungo cha ishara". Nadai kwamba istilahi hizi zimetafsiri maneno na kuiacha maana njiani. Nadai pia kwamba zinawachanganya wanaojifunza, na kwamba mchanganyiko huo unaweza kutugharimu tungo zetu.

Huenda malenga mmoja akauliza: sisi watu wa vina na mizani tuna hisa gani katika mambo ya mafundi wa kompyuta? Tuna hisa kubwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la mshairi wa leo ni diski. Diwani nyingi ambazo hazijachapishwa zimo katika kompyuta za mezani, katika simu na katika flashi zilizofungwa kwenye vitambaa vya leso. Mrithi asiyejua tofauti kati ya jina la shairi, shairi lenyewe na kitu kinachoonyesha shairi liliko, amekabidhiwa ghala bila kuonyeshwa mlango.

Waliosoma katika vyuo vya ualimu enzi zetu watayakumbuka makabati ya kadi maktabani: vijisanduku virefu vya mbao, na ndani yake kadi zilizopangwa kwa alfabeti. Kitabu kimoja kiliweza kuwa na kadi ya mwandishi, kadi ya anwani na kadi ya mada. Kadi zote tatu zilibeba namba moja, ile iliyobandikwa mgongoni mwa kitabu, nayo ilikupeleka kwenye rafu. Kadi haikuwa kitabu, na kitabu hakikukaa ndani ya kadi. Wala hakuna kadi iliyokuwa mkubwa wa mwenziwe: ukianza na mwandishi au ukianza na anwani, ulifika palepale.

Hivyo ndivyo zinavyofanya kazi kompyuta zinazofuata mfumo wa Unix na vizazi vyake, ikiwemo Linux, ambayo ndiyo msingi wa simu za Android tulizo nazo mifukoni. Tumezoea kuifikiria folda kama sanduku lenye faili ndani yake. Folda kwa hakika ni kabati la kadi: orodha ya majina, na mbele ya kila jina pana namba. Namba hiyo ni ya kitu kiitwacho inodi. Inodi ndiyo inayotunza habari za faili: ukubwa wake, mmiliki wake, ruhusa zake, tarehe zake, na mahali maandishi yake yalipo kwenye diski. Jambo moja halimo katika inodi, nalo ni jina. Jina hukaa kwenye folda. Faili haijui inaitwaje. (Kwa wapenzi wa asili za maneno: Dennis Ritchie, mmoja wa waasisi wa Unix, alipoulizwa miaka mingi baadaye maana ya ile herufi "i", alisema hakuwa na yakini, akakisia kuwa inatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya faharasa.)

Unix ilianza kuundwa mwaka 1969 katika maabara ya Bell Labs nchini Marekani, na Ritchie na mwenzake Ken Thompson walipoieleza dunia kazi yao katika makala ya mwaka 1974, waliweka wazi kwamba faili moja yaweza kuwa na majina kadhaa katika folda mbalimbali, na kwamba majina hayo yote yana hadhi sawa. Hakuna jina la asili na jina la kupanga. Wakati huo kila jina liliitwa kiungo tu, kwa kuwa liliunga maandishi ya jina na namba ya inodi. Mantiki hiyo naikubali. Sifa ya "ugumu" ilikuja kuhitajika baada ya kuzaliwa aina ya pili, ile ya "ishara", iliyoletwa na toleo la 4.2BSD kutoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983. Sisi wenyewe tumelifanya jambo kama hilo. Zamani tulisema "simu" tu. Simu ya mkononi ilipokuja, ile ya kwanza ikalazimika kuitwa "simu ya mezani". Ila sisi tulichagua sifa yenye maana: kweli ilikaa mezani. "Ugumu" wa kile kiungo uko wapi? Hakivunjiki? Hakieleweki? Mwanafunzi wa kidato cha pili akisikia "kiungo kigumu" atadhani ni mada ya kuogopwa katika mtihani.

Mwenye kompyuta ya Linux na afanye jaribio hili, ila kwa ubeti wa kubuni, si kwa shairi lisilo na nakala. Andika ubeti katika faili uiite utenzi.txt. Kisha toa amri "ln utenzi.txt utendi.txt". Sasa andika "ls -li". Utaona mistari miwili. Mwanzoni mwa kila mstari ipo namba ya inodi, nayo ni ileile. Na baada ya herufi za ruhusa ipo tarakimu 2, kwa maana kwamba faili hii ina majina mawili. Ongeza kwa amri ya "echo" mshororo mmoja mwishoni mwa utenzi.txt, kisha usome utendi.txt: mshororo umo. Hakuna kilichonakiliwa, kwa sababu hakukuwa na vitu viwili. Sasa toa amri "rm utenzi.txt". Jina moja limeondoka, ubeti upo salama chini ya jina la pili, na ile tarakimu imeshuka hadi 1.

Tuendelee. Andika "ln -s utendi.txt tendi.txt". Ile herufi "s" imebadilisha mambo yote. Ukiita tena "ls -li" utaona tendi.txt ina namba yake ya inodi, tofauti na ya utendi.txt, herufi zake za ruhusa zinatanguliwa na herufi "l", na mbele ya jina umechorwa mshale unaoelekea utendi.txt. Tazama ukubwa wake: baiti 10. Hesabu herufi za "utendi.txt", pamoja na nukta. Ni 10 kamili. Hilo ndilo lililomo ndani ya faili hii, hakuna zaidi. Ubeti wako haumo. Kilichomo ni maneno ya kukwambia: nenda kamtafute anayeitwa hivi.

Ukiondoa sasa jina utendi.txt, ile tarakimu inashuka hadi sifuri na ubeti umetoweka, ingawa tendi.txt bado imekaa kwenye orodha kana kwamba hakijatokea kitu. Jaribu kuifungua, kompyuta itakujibu kwamba hakuna faili wala folda ya jina hilo. Na si hayo tu. Ukiandika ubeti mwingine kabisa ukauita utendi.txt, tendi.txt itakufungulia ubeti huo mpya bila aibu wala onyo. Ile aina ya kwanza humfuata mwenye jina. Hii ya pili hufuata jina, awe nalo nani.

Hii ndiyo tofauti ambayo istilahi zetu zinapaswa kuibeba, na ndiyo ambayo "kiungo kigumu" na "kiungo cha ishara" zinaifunika. Napendekeza badala yake maneno mawili: jina mwenza na kielekezi.

Nianze na jina mwenza. Kiswahili kina hazina ya maneno ya kutaja uhusiano wa majina na wenye majina, nasi hatuna sababu ya kukopa wakati ghala limejaa. Tuna "lakabu", jina analopewa mtu juu ya jina lake. Lakini lakabu huja baada ya jina la kuzaliwa na hulitegemea, kwa hiyo halifai hapa, ambapo majina yote yako sawa. Tuna "somo", yaani watu wawili wenye jina moja. Hilo latufaa kwa jambo lingine, nalo ni faili mbili tofauti zinazoitwa kwa jina moja katika folda mbili. Na tuna "mwenza". Wake wenza wana mume mmoja, na kila mmoja ana haki kamili. Hakuna aliye kivuli cha mwenziwe, na akiondoka mmoja, ndoa ya aliyebaki haivunjiki. Ndivyo yalivyo majina wenza ya faili moja, ila haya hayagombani.

Washairi hawahitaji kompyuta ili kulielewa hili. Ule utenzi mkongwe wa Bwana Mwengo unaohusishwa na mwaka 1728 tunaujua kama Utendi wa Tambuka, na tunaujua vilevile kama Chuo cha Herekali. Ni majina mawili ya kazi moja. Mwanafunzi akidhani ni tenzi mbili, amekosea hesabu; na akilisahau jina moja, utenzi haujapungukiwa hata mshororo. Hilo ni jina mwenza, na tumeishi nalo karne nyingi kabla ya Bell Labs.

Nije kwenye kielekezi. "Kiungo cha ishara" ni istilahi inayotuumiza sisi watu wa fasihi kuliko wengine, kwa kuwa ishara kwetu ina kazi yake. Ishara ni ua linaposimama badala ya mwanamwali, ni jahazi linaposimama badala ya maisha. Ishara hubeba maana ndani yake, na msomaji huifungua. Kile kijifaili cha baiti 10 hakibebi maana yoyote ya shairi. Ni mtu aliyesimama njia panda akinyoosha kidole. Hali hiyo tunayo katika kamusi zetu: unafungua kidahizo ukitafuta maana, unakuta neno moja tu, "tazama", na baada yake kidahizo kingine. Ukienda huko ukakuta mhariri amekiondoa, umebaki mikono mitupu. "Tazama" ya kamusi ndiyo kielekezi cha kompyuta, hata katika udhaifu wake.

Wanafunzi wa sarufi watafurahia jambo jingine. Anwani iliyoandikwa ndani ya kielekezi yaweza kuwa kamili, inayoanzia mzizi wa mfumo mzima, au yaweza kuwa ya kulinganisha, inayohesabiwa kuanzia mahali kielekezi chenyewe kilipo. Ile ya kwanza ni kama kusema "Mombasa". Ya pili ni kama kusema "pale". Kila mwalimu wa Kiswahili amewahi kueleza kwamba "hapa", "hapo" na "pale" havina maana mpaka ujue msemaji amesimama wapi. Kihamishe kielekezi cha namna ya pili kwenye folda nyingine, na "pale" yake itakuwa imeelekea kusikojulikana. Ile anwani kamili nayo ina msiba wake: ukiipeleka kwenye kompyuta nyingine ambako hakuna folda yenye jina hilo, inaelekeza mji usiokuwepo.

Niseme sasa kwa nini nalishikilia jambo hili. Miaka kadhaa iliyopita vijana wawili wa mshairi mmoja marehemu walinijia na flashi. Baba yao alikuwa mtungaji wa kweli, asiyependa makuu, ambaye katika miaka yake ya mwisho alijifunza kuchapa tungo zake kwa kidole kimoja. Baada ya msiba, kompyuta yake ilisafishwa ikauzwa ili kusaidia gharama, lakini kwanza mdogo alinakili folda aliyoiita Diwani ya Baba. Walitaka tuisome pamoja, tuone kama yatosha kitabu. Ndani yake mlikuwa na majina 62. Kila aikoni ilikuwa na kimshale kidogo pembeni, na kila faili ilikuwa na ukubwa wa kilobaiti moja au mbili.

"Mwalimu, mbona yote yapo?" aliniuliza yule mkubwa.

"Majina yapo, mwanangu," nilimjibu. "Tungo hazipo."

Zilikuwa njia za mkato za Windows. Fundi atanisahihisha kwamba njia ya mkato si kielekezi kamili, kwa kuwa inafuatwa na programu ya kuonyesha madirisha na si na mfumo wa faili wenyewe. Namkubalia; hata hivyo ni wa ukoo mmoja, na wanaharibika namna moja. Kilichonishika ni maelezo ya yule mdogo. Alisema kwa uhakika kabisa kwamba alinakili "viungo vyote vya mashairi ya Baba". Kwa nini asidhani hivyo? Alilelewa na lugha ambamo kiungo ni sehemu ya mwili, na kilichoungwa kimeshikamana. Aliyebeba kiungo amebeba sehemu ya kitu chenyewe. Laiti lugha ingalimpa neno "kielekezi", huenda angalijiuliza: kinaelekeza wapi?

Tulikaa na mama yao siku tatu. Alikumbuka beti nzima za tungo tano na vibwagizo vya nyingine saba, tukaviandika. Zilizobaki ni anwani tu, na baadhi ya anwani hizo ni nzuri kiasi cha kumfanya mtu alie.

Linganisheni na lililowapata wengine. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa hayakuchapishwa katika uhai wake. Yametufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwishoni mwa karne ya 19, aliyakusanya na kuyaandika, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor, na mwaka 1940 William Hichens akayatoa kwa jina la Diwani ya Muyaka. Mwalimu Sikujua aliandika mashairi yenyewe, mshororo kwa mshororo. Lau angaliandika tu orodha ya "shairi fulani, muulize mzee fulani wa mtaa fulani", orodha hiyo ingalikuwa sahihi kabisa siku ile, na bure kabisa baada ya mazishi ya wazee hao.

Haki lakini ni haki. Sitaki msomaji aondoke akidhani kielekezi ni kiovu na jina mwenza ni jema. Kila kimoja kina kazi yake. Jina mwenza lina mipaka miwili mikubwa. Kwanza, haliwezi kuvuka kutoka mfumo mmoja wa faili kwenda mwingine, kwa kuwa namba za inodi zina maana ndani ya mfumo wake tu. Namba ya rafu ya maktaba ya Morogoro haikufikishi kitabuni Mombasa. Pili, kwa kawaida haliruhusiwi kwa folda, maana folda ikiweza kuwa ndani ya kizazi chake yenyewe, mjukuu atakuwa baba wa babu yake, na programu inayotembea folda kwa folda haitapata mwisho wa safari. Kielekezi huvuka mipaka yote miwili, na ndiyo sababu kiliundwa. Kinaweza hata kuzunguka, hiki kikielekeza kile na kile kikielekeza hiki. Ndiyo maana Linux hukata tamaa baada ya kufuata vielekezi 40 na kutangaza kosa. Aidha, ile tabia ya kufuata jina badala ya mwenye jina ni faida kwa anayeitaka: mhariri wa diwani anaweza kuwa na kielekezi kiitwacho toleo-jipya, akakielekeza leo kwenye rasimu ya tatu na kesho kwenye ya nne, na wenzake wakafungua jina lilelile siku zote.

Jina mwenza nalo lina hatari yake, na hapa neno "mwenza" linatulinda vizuri kuliko "kiungo". Majina mawili si nakala mbili. Mtu anayetoa jina la pili na kujiona ameweka akiba amejidanganya: diski ikifa, majina yote yamefiwa pamoja, na akifuta beti kumi kupitia jina moja, hawezi kuzikuta kwa jina jingine. Tena kuna programu za kuhariri ambazo, unapohifadhi, huandika faili mpya kabisa kisha huivika jina la zamani. Hapo uwenza umevunjika kimyakimya: jina moja lina maandishi mapya, jingine limebaki na ya kale, na hakuna aliyetoa talaka hadharani.

Hata kitenzi chetu "kufuta" kinahitaji kutazamwa upya. Kufuta kwetu ni kupangusa ubao: maandishi yanaondoka. Katika Unix, kazi inayofanywa na amri ya "rm" ni kuondoa jina kwenye folda na kupunguza hesabu kwa moja. Maandishi yenyewe huachiliwa pale hesabu inapofika sifuri na hakuna programu inayoishikilia faili hiyo wazi. Na hata hapo mara nyingi hubaki kwenye diski mpaka nafasi yake ipewe wengine. Kwa hiyo naona ni sahihi zaidi kusema tumeliondoa jina, na kuliacha "kufuta" kwa tendo la kufuta kweli.

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza ni kwamba "kiungo" limekwisha kuenea na maji yaliyomwagika hayazoleki. Nami sikusema tuling'oe. Libaki kwenye kurasa za intaneti, lilikozoeleka. Nasema tu lisibebeshwe mambo mawili yanayokinzana katika somo moja, kisha tukawatofautishia wanafunzi kwa sifa zisizo na maana kwao. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice na kuonyesha kwamba Kiswahili chaweza kukaa ndani ya programu kubwa bila kuomba radhi. Kazi kama ile haiishi kwa kupata neno la kila kitu. Huendelea kwa kuyapima maneno yaliyopatikana.

Jibu la pili ni kwamba mafundi wataendelea na Kiingereza chao. Sawa. Fundi ana haki ya lugha ya ufundi wake. Lakini mrithi wa mshairi si fundi. Yeye atalielewa jambo kwa neno atakaloambiwa na jirani, na jirani atasema neno tulilomfundisha.

Kwa walio na tungo mikononi, nawaachia haya machache. Kabla ya kuuza au kusafisha kompyuta yoyote, fungueni nakala zenu katika kompyuta nyingine, tena mzisome, msitosheke na kuziona kwenye orodha. Shairi la beti 20 haliwezi kuwa baiti 10. Mjue kwamba flashi nyingi zimepangwa kwa FAT32 au exFAT, na mifumo hiyo haihifadhi majina wenza wala vielekezi. Anayetumia Linux akinakili folda nzima kwa "cp -r", vielekezi hunakiliwa vikiwa vielekezi; akitaka yaliyoelekezwa, atumie "cp -rL". Na amri "find . -xtype l" itamtajia vielekezi vyote vilivyofiwa, yaani ambavyo vinaelekeza kisichokuwepo. Naliita hilo "kielekezi kilichofiwa" kwa makusudi, kwa kuwa chenyewe ki hai. Aliyekufa ni yule kinayemwelekea.

Haya ndiyo mapendekezo yangu: jina mwenza, kielekezi, kielekezi kilichofiwa, na somo kwa faili mbili za jina moja. Inodi ibaki inodi, nasi tuieleze kwa mfano wa namba ya rafu. Mwenye maneno bora kuliko haya ayalete, tuyapime kwa kipimo kimoja tu: je, mtu aliyerithi diwani ya baba yake akilisikia neno hilo, atajua alichoshika mkononi?

Naomba kuwasilisha.